Mwaka wa Gari Lisilo na Kiti

Bi Rukia wa Mkwiro amefariki mwaka huu, kabla tu ya mwezi wa Ramadhani kuandama, nami nikavuka bahari kutoka Shimoni kwenda matangani nikiwa na buibui langu na hasira zangu. Hasira za nini, usiniulize. Mtu akifa mzee, kitandani kwake, amezungukwa na wajukuu, watu humshukuru Mungu. Mimi nilinuna kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Nikakaa ukumbini juu ya mkeka pamoja na wanawake wenzangu, tukagawiwa juzuu tusome, na mama mmoja mwenye miwani, wifi ya marehemu kutoka Vanga, akaniinamia akaniuliza kwa ule upole wetu wa kipwani unaotaka kujua kila kitu bila ya kuuliza lolote: "Nawe mwanangu, kwa marehemu u mtu wa karibu?" Nikamjibu, "Ni mama yangu." Akanitazama. Watoto wa Bi Rukia anawajua wote, walio hai na aliyekufa, na mimi simo. Lakini angeniitaje mwongo na hali tumo matangani? Akasema, "Alhamdulillahi," akarudi kwenye juzuu yake. Ndivyo tulivyo, hatumuumbui mtu. Mtu wa bara angeniuliza, "Mama yako kivipi?" nami ningemweleza tukamaliza. Basi kwa kuwa yeye hakuuliza, nitaeleza hapa, maana adabu hii ya kunyamaziana niliona ilivyomfanya kaka yangu, na tangu mwaka ule sina tena subira nayo.

Mwaka ule nilikuwa nikijifunza cherehani kwa fundi mmoja wa Msambweni, na mimi na kaka yangu Kassim tulikuwa tukikaa kwa shangazi yetu, Bi Mwanakombo. Chumba cha Kassim kilikuwa cha mbele, dirisha likitazama barabara, na ukiingia kilikupokea kwa harufu ya gundi na rangi ya kucha. Rangi ya kucha ilikuwa yangu, akiniibia. Kassim alikuwa akiunda magari. Sisemi vile vigari vya watoto, vya waya na vizibo vya soda, vya kusukumwa kwa kijiti. Magari. Bati la makopo ya maziwa alilikata kwa mkasi, akalikunja juu ya ukingo wa meza mpaka likawa boneti. Matairi aliyachonga kwa soli za ndara zilizotupwa na bahari. Ekseli zilikuwa spoku za baiskeli, na vioo vilikuwa plastiki ya masanduku ya mashati. Kipimo chake kilikuwa kimoja na alikishika kama dini: futi moja ya gari la kweli, inchi moja ya gari lake. Akiliona lori la miwa limeharibika njiani, alisimama, akatoa futikamba, ambayo pia ilikuwa yangu, akaomba ruhusa kwa heshima zote, akapima. Madereva walimcheka wakamwambia, "Unalishonea kanzu ya Idi?" Yeye akicheka nao, akaendelea kuandika inchi zake kiganjani. Rafu yake ilikuwa na ambulansi, trela la miwa, tingatinga la barabara, na kila moja lilikuwa na kasoro zake za kweli, taa iliyopasuka, mkwaruzo wa mlangoni, buti lililofungwa kwa kamba. Nikimwambia si angeliunda zuri tu, aliniuliza, "Gari gani hilo lisilokwaruzwa, limeshuka melini leo?" Shangazi naye alikuwa na lake: "Kassim, wenzio wa umri wako wana watoto, wewe una magari." Naye akimjibu, "Magari hayalii, shangazi." Tulikuwa tukicheka sana nyumba ile. Nalisema hili mapema ili ijulikane kwamba tulikuwa tukicheka.

Kazi yake ilikuwa kuendesha gari la wafanyakazi la hoteli moja ya Galu, kuwachukua asubuhi na kuwarudisha jioni mpaka huku kwetu. Jioni moja gurudumu la mbele likapasuka, gari likaacha lami, likaupiga mkorosho kwa ubavu wa kushoto. Waliokaa nyuma walivunjika mikono, wakachubuka, wakapona. Saumu, msichana wa kitengo cha dobi, mtoto wa Mkwiro aliyekuwa akikaa kwa mama yake mdogo jirani na sisi, alikufa palepale. Kwetu maiti haingojeshwi. Habari zilipelekwa Mkwiro, lakini bahari ilikuwa imechafuka, boti zikachelewa, na Bi Rukia alipoingia Msambweni wanaume walikuwa wakirudi kutoka makaburini na majembe mabegani. Mwanawe hakumwona. Kaburi hakuliona, maana wanawake kwetu hatuendi kuzika. Mimi nilikuwa uani nikikuna nazi, kwa kuwa msiba wa jirani ni wa watu wote na hakuna aliyekuwa bado ameniambia niondoke, nikamsikia akiuliza kwa sauti kavu, "Alikufaje?" Wakamjibu, "Ni amri ya Mungu, dada." Akauliza, "Alikuwa wapi?" Wakamjibu, "Yuko pahali pema, inshallah." "Na uso wake?" "Ulinawiri, kama amelala." Wallahi nilitaka kuitupa ile mbuzi ya nazi nipige mayowe. Mama anauliza habari za mwanawe, anapewa maneno ya kuandikwa kwenye kanga! Kisha mama mdogo wa Saumu akaja uani, akanishika bega, akaniambia taratibu kabisa, "Mejumaa, mwanangu, nenda nyumbani ukapumzike." Nikaelewa. Nikaiacha nazi nusu, nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Kassim alirudi kutoka hospitali bega limefungwa na kichwa kimeshonwa. Polisi walisema ni gurudumu, dereva hana kesi. Shangazi akainua mikono akashukuru. Kassim akasema, "Hana kesi," kama anayerudia neno la lugha asiyoijua, akaingia chumbani akalala akiutazama ukuta. Tangu hapo chakula kikawa vita. Nilimpikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, nikampikia sima na mboga ya mtsunga iliyotiwa nazi mpaka uchungu wote ukaisha, nikamfanyia vitumbua, mimi ambaye sipendi moshi. Alikuwa akishika tonge, akilizungusha sahanini, akilirudisha, na kunishukuru. Hilo la kunishukuru ndilo lililonitia wazimu. Suruali zake nilizipunguza kiuno, nikazipunguza tena, kisha siku moja nikakaa na mkasi mkononi nisijue nikate wapi, kwa maana kitambaa cha kukunja ndani kilikuwa kingi kuliko mtu wa kukivaa. Shangazi alifanya yote yanayofanywa. Akaleta mwalimu akamsomea, akafukiza ubani vyumba vyote, akamwandikishia kombe, aya zilizoandikwa sahanini kwa zafarani zikaoshwa kwa maji ya kunywa. Kassim alilinywa lile kombe mpaka tone la mwisho, akasema ahsante, akageukia ukuta. Neno moja tu aliniambia, nami nililisikia nikiwa nimebeba sahani iliyojaa: "Mama yake hajanipa radhi, Mejumaa. Mtu hula vipi, na mama wa mtu hajampa radhi?"

Basi wazee wakatumwa. Mzee Hamadi, jirani yetu mwenye kusimamia harusi na misiba ya mtaa mzima, alivaa kanzu na koti, akachukua mwenzake, wakavuka mpaka Mkwiro kumwombea Kassim radhi. Walirudi nyuso zinang'aa. Wakaketi chumbani kwa Kassim, juu ya kitanda, chini ya ile rafu ya magari, na Mzee Hamadi akasema, "Mwanangu, tulia. Bi Rukia amesema ni amri ya Mungu, hana neno nawe." Kassim akainuka kwa kiwiko. "Amesema yeye, mzee, au mmesema nyinyi?" Mzee Hamadi akakohoa. "Mambo haya, mwanangu, yana adabu zake." Nikamfuata mpaka barazani, nikamshika mkono wa kanzu, jambo ambalo msichana halifanyi kwa mzee. "Shikamoo, mzee. Niambie, alisema nini hasa?" Akatazama huku na huku. "Marahaba. Hakusema kitu. Alituletea chai, akakaa. Sisi tukasema yetu, yeye akanyamaza, na kunyamaza kwake tukakuhesabu ni ridhaa." Nikamwambia, "Mzee Hamadi, kunyamaza kuwa ridhaa ni kwa mwanamwali anayeposwa! Huyu amefiwa!" Akaniambia nina ulimi mkali na nitamkosa mume. Ulimi ninao mpaka leo, na mume nilimpata. Nilipoingia tena ndani Kassim alikuwa amejifunika shuka gubigubi mpaka kichwani, na nikajua kwamba amesikia kila neno, maana dirisha lile lilikuwa wazi.

Kisha asubuhi moja, nikiwa ninachambua mchele ukumbini, nikasikia mkasi wa bati. Nilikimbia, mchele ukamwagika. Alikuwa ameketi mezani, ana kopo la maziwa mkononi, anakata. Niliangua kilio cha furaha kama mjinga. Nikamwuliza anaunda nini, naye bila ya kunitazama akaniambia, "Lile." Nikarudi ukumbini kuokota mchele. Shangazi aliposikia alisimama mlangoni ameziba mdomo kwa upindo wa kanga. "Gari la mauti, Kassim? Ndani ya nyumba yangu? Uchuro huo! Astaghfirullah, uchuro mtupu!" Nikamvuta jikoni nikamwambia, "Shangazi, ameinuka kitandani. Kama ataunda jeneza nitampelekea misumari." Akalia, nami nikalia, halafu tukabandika uji ambao tulijua hataunywa.

Bega lilimzuia kwenda mbali, na nadhani hata lingepona asingekwenda, kwa hiyo aliyetumwa kupima gari ni mimi. Lilikuwa limevutwa mpaka uwanja wa kituo cha polisi, likawekwa uani kando ya pikipiki zilizokamatwa, majani yakianza kulipanda magurudumu. Afisa wa zamu, kijana wa bara, alitoka na kikombe cha chai akanikuta nimepiga magoti chini ya mlango na futikamba ya cherehani. "Sasa wewe sister, hiyo gari unaishonea nguo ama?" Nikamwambia nakipima kimo cha ngazi. "Ya nini?" Nikamjibu, "Kaka yangu ndiye aliyekuwa dereva." Akanywa chai, akasema, "Pole. Pima tu, but usiingie ndani." Sikuingia. Nilipima mlango, madirisha, urefu wa paa, nikachungulia nikahesabu mistari ya kitambaa cha viti. Upande wa kushoto wa mbele nilipima kwa macho yaliyofumbwa nusu. Nilipofika nyumbani nilimkuta Kassim amekaa mlangoni, ananingoja, na akanipokonya ile karatasi ya vipimo kwa pupa ambayo lau angeipeleka kwenye sahani ya wali ningesujudu.

Aliunda, jamani. Sijawahi kuona kazi kama ile wala sitaona. Mlango wa ubavuni ulifunguka kwa kuteleza kama wa kweli. Mapazia yalikuwa madogo, nimeyashona mimi kwa sindano nyembamba, na moja alinifanya nilichane, kwa sababu la kweli lilichanika. Viti vya nyuma alivivika vipande vya kitambaa vyenye mistari ileile. Usukani ulizunguka. Kila siku gari lilijaa na yeye akipungua, mpaka mifupa ya mikono ikawa inaonekana inavyofanya kazi. Pahali pamoja tu hapakuguswa. Kiti cha mbele, cha kushoto, kando ya dereva, hakikuwepo. Alikitengeneza, nilimwona, nikamwona akikitazama juu ya kiganja, halafu akakifinya kikawa donge la bati. Akatengeneza kingine, akakifinya. Nikamwuliza kwa upole, na upole si kazi yangu, "Hicho nacho utakimaliza lini?" Akasema, "Hicho ndicho cha mwisho. Nikikimaliza nitapumzika." Alilisema hilo kwa utulivu ambao sikuwahi kuusikia tangu ajali. Nilielewa kupumzika gani anakokusema. Gari lile ndilo lililokuwa likimshika, na likiisha hana kitu kingine.

Nikaanza kuliharibu. Sina haya kulisema, ningelifanya tena kesho. Akinituma kupima kioo cha nyuma, nilimletea kipimo cha uongo, ili alikate bati, lisikae, alibandue, aanze upya. Kwa muda kidogo ilifaulu. Kisha siku moja akaiweka chini karatasi yangu, akanitazama usoni, kitu ambacho alikuwa ameacha kukifanya, akasema, "Mejumaa, gari lile nimelifungua na kulifunga kila siku ya kazi. Kwa mkono wangu najua kioo cha nyuma kina kimo gani. Mbona wanidanganya?" Nikamwambia ukweli. Nilimwambia, "Kwa sababu ukimaliza utakufa, na mimi sitaki." Nilidhani atabisha. Hakubisha. Alinishika kichwa kama alivyokuwa akinishika nilipokuwa mdogo, akasema, "Pole, ndugu yangu," akarudi kwenye bati lake. Shangazi akanikuta jikoni nimekaa chini, sipiki, silii, nimekaa tu. Nikamwambia, "Anaondoka, shangazi. Anaondoka nasi tunamtazama." Akakaa chini kando yangu, yeye aliyekuwa na neno kwa kila jambo.

Habari za gari hazikukaa Msambweni. Zitakaaje? Zilivuka mpaka Mkwiro zikiwa zimevikwa nguo nyingine: kwamba dereva aliyemuua Saumu amejitengenezea kigari cha ajali, anakichezea, anakisukuma sakafuni. Na siku moja baada ya adhuhuri tukasikia hodi, na aliyesimama barazani ni Bi Rukia mwenyewe, peke yake, vumbi la safari miguuni. Shangazi aliniangalia mimi, akaangalia mlango wa Kassim, akakimbia akalifunika gari kwa kanga yake, akarudi anahema. "Karibu dada, karibu, karibu kitako." "Starehe. Sikuja kukaa. Nimesikia humu mna gari." "Gari gani, dada? Ni mambo ya watoto tu—" "Lipo, mama," nikasema. "Shikamoo. Lipo chumba hiki." Shangazi alinifinya ubavuni mpaka nikaruka. Bi Rukia akanitazama kwa mara ya kwanza. "Marahaba," akasema, akaingia.

Kassim alijaribu kusimama, akashindwa, akabaki chini sakafuni kando ya meza. "Mama," akasema. "Ngoja," akasema Bi Rukia. Uso wake ulikuwa umekaza kama wa mtu aliyekuja kuvunja kitu, na mimi nilidhani atavunja. Akaivuta kanga. Akalitazama gari. Hakuligusa kwa muda mrefu, akizunguka tu, akiinama kuchungulia madirisha, na ile hasira niliiona ikipotea pahali pa kusimama. Akauliza, "Alipandia wapi?" Kassim akaonyesha. "Unafunguliwaje?" Kassim akauvuta ule mlango kwa ukucha, ukateleza. Bi Rukia akaangalia viti, mapazia, lile pazia lililochanika. Kisha akauliza lile aliloliuliza siku ya msiba. "Mwanangu alikaa wapi?" Shangazi, maskini, pale mlangoni, akajaribu kutusitiri sote: "Dada, yuko pahali pema—" Na Bi Rukia, bila ya kugeuka, akamwambia, "Nyamaza, Mwanakombo. Sikuuliza peponi."

"Hapo pasipo na kiti," akasema Kassim. Halafu akaanza kusema, na sisi hatukuwa tumewahi kuyasikia, maana hakuna aliyemwuliza. Sote tulikuwa na shughuli ya kumwambia ni amri ya Mungu. "Alikaa nyuma kwanza, mama. Akasema kichefuchefu kimemshika. Nikamwambia, dada Saumu, njoo huku mbele upate upepo. Mimi ndiye niliyemwita. Angebaki nyuma angekuwa na mkono uliovunjika tu, kama wenziwe." Akainamisha kichwa, nami nilijua anangoja nini: alikuwa akingoja apigwe. Bi Rukia akauliza, "Alikuja akicheka au amenuna?" Kassim akashangaa. "Akicheka. Alivua viatu, akaweka miguu juu ya dashibodi, nikamgombeza." "Miguu juu," akasema Bi Rukia. "Hata kwangu, miguu juu ya kila kitu, mtoto yule. Akasema nini?" "Akasema kesho hana zamu, atavuka kwako. Akasema ukimwamsha alfajiri atarudi zake Msambweni." Bi Rukia akatoa sauti, na mwanzo ilikuwa kicheko, wallahi kilikuwa kicheko. "Mwongo huyo! Hajaamka alfajiri tangu azaliwe, mimi nikimwita mpaka koo linanikauka!" Kisha kikageuka, akaketi sakafuni mkabala wa Kassim na kulia kilio ambacho nafikiri alikuwa amekibeba tangu siku ile aliyokutana na majembe. Shangazi akakaa, nami nikakaa. Hakuna aliyemwambia nyamaza.

Alipomaliza akajifuta kwa upindo wa buibui, akasema, "Kitengeneze hicho kiti." Kassim akatikisa kichwa. "Siwezi, mama. Nimejaribu." "Utaweza. Mimi nipo." Kassim akashika mkasi, Bi Rukia akamshikia kopo, na mimi nikakata kitambaa chenye mistari, na shangazi, ambaye tangu mwanzo hakutaka hata kuitazama kazi ile, akaishika chupa ya gundi. Kiti kikaisha, kikawekwa. Bi Rukia akapitisha kidole kimoja dirishani, akakilaza juu ya kiti, akakiacha hapo. Kassim hakumtazama. "Mama," akasema, "naomba radhi." Naye akakitoa kidole, akasimama, akalifunga buibui lake. "Radhi sina, Kassim. Sitakudanganya kama wazee wenu walivyokudanganya. Naitafuta ndani yangu siioni. Huenda ikaja. Lakini usinifie kabla sijaipata, umesikia? Nikija kuwa nayo nawe umekufa, nitampa nani?" Akavaa viatu, akaenda zake, hata maji hakunywa. Kassim alikaa palepale sakafuni mpaka jua likahama dirishani, kisha akaniuliza kama kuna chochote cha kula. Kulikuwa na sima ya mchana na mchuzi wa papa uliokwisha kupoa. Nilitaka kuupasha moto, akasema lete hivyo hivyo.

Idi iliyofuata alivuka kwenda Mkwiro na mkate wa sinia aliooka mwenyewe, umeungua chini. "Shikamoo, mama." "Marahaba." "Ipo?" "Bado." Akakaa, akapewa chai, wakazungumza habari za Saumu mpaka boti ya mwisho. Na kila Idi ikawa hivyo. Akaoa, akavuka na mkewe; akapata watoto, akavuka nao; magoti ya Bi Rukia yakaanza kuuma, Kassim akawa anampelekea dawa hata pasipo na Idi, na nyumba nzima tukawa tunamwita mama. "Ipo, mama?" "Bado." Mimi nilikuwa nikighadhibika. Nikimwambia, yule bibi ana roho gani, miaka yote hii? Kassim akicheka. Idi ya kuchinja iliyopita nilifuatana naye. Bi Rukia alikuwa hawezi kuinuka tena, na kaka yangu, ndevu zimeingia mvi, akaketi ukingoni mwa kitanda, akauliza kama kawaida yake. Bi Rukia akamtazama sana. "Ipo," akasema. "Ipo tangu ulipokuja na ule mkate ulioungua. Nilihofu nikikupa hutavuka tena." Kassim akauchukua mkono wake, akaulaza shavuni, akamwambia, "Basi usinipe, mama. Sema bado."

"Bado, mwanangu," akasema.